Sileji kwa mfugaji mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru na magharibi mwa Kenya

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mwaka, hasa mvua za masika zinapokaribia kwisha, kutoka kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Njoro, Rongai, Bahati na Subukia, na kutoka kwa wenzao wa Kisumu, Kakamega na Bungoma. Wengi wao wana ng'ombe wawili hadi watano na shamba la ekari chache, kwa hivyo majibu yamekusudiwa kuwafaa hao kwanza. Mwenye ng'ombe hamsini atapata la kumsaidia pia, ila hesabu zake atazifanya upya.

Sileji ni nini hasa, na inatofautianaje na nyasi kavu?

Sileji, au saileji kama wengine wanavyoitamka, ni majani mabichi yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa mahali pasipoingia hewa, kisha yakaachwa yachache. Bakteria walio kwenye majani yenyewe hula sukari ya mmea na kutoa tindikali ya laktiki, ile ile inayoyafanya maziwa lala yawe machachu. Uchachu ukishafika kiwango fulani, karibu na 4 katika kipimo cha pH, vijidudu vya kuozesha haviwezi tena kufanya kazi, na chakula hubaki vilivyo kwa miezi mingi. Aliyewahi kuona mursik, maziwa ya Kikalenjin yaliyochachushwa, ikihifadhiwa katika kibuyu haoni ajabu hapa, kwa kuwa kanuni ni moja.

Nyasi kavu huhifadhiwa kwa kuondolewa maji, na hilo lahitaji jua la siku kadhaa mfululizo. Tatizo la Nakuru ni kwamba majani huwa mengi na mazuri zaidi wakati ambao jua halitabiriki. Nyasi ya Boma Rhodes iliyokatwa Rongai mwezi wa Julai inaweza kunyeshewa mara tatu kabla ya kufungwa, ikaingia ghalani ikiwa nyeusi. Sileji haisubiri jua, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Hata hivyo, nyasi kavu ina nafasi yake, na ng'ombe anayepewa zote mbili hucheua vizuri kuliko anayepewa sileji peke yake.

Kwa nini hewa inaogopwa kiasi hicho?

Kwa sababu karibu kila sileji iliyoharibika niliyoitazama iliharibiwa na hewa, iwe wakati wa kujaza, wakati wa kuhifadhi au wakati wa kulisha.

Mmea uliokatwa haufi papo hapo. Chembe zake huendelea kupumua kwa saa kadhaa, zikitumia hewa iliyobaki katikati ya vipande na kuchoma sukari ile ile ambayo bakteria wa laktiki wanaihitaji. Kupumua huko hutoa joto. Hewa ikiwa kidogo, joto hupanda kidogo tu na kushuka, bakteria wa laktiki hushika usukani, na kazi kubwa huisha katika majuma mawili au matatu. Hewa ikiwa nyingi, joto huendelea kupanda, sukari huisha, na utomwili (protini) wa majani hushikamana na sukari kwa namna ambayo tumbo la ng'ombe haliwezi kuufungua.

Mwaka wa kwanza nilipojaribu mwenyewe, mwenye trekta tuliyemkodi alifanya kazi siku moja, akatoweka siku mbili, akarudi siku ya nne akiwa na visingizio. Shimo lilikuwa limejaa nusu na halikufunikwa. Tulipolifungua mwezi wa Januari, tabaka la katikati lilikuwa na rangi ya tumbaku na harufu tamu kama sukari iliyoungua. Ng'ombe waliila kwa pupa, nasi tukafurahi, lakini maziwa hayakuongezeka hata kikombe kimoja. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba harufu ile tamu ilikuwa dalili ya hasara.

Kwa hivyo mwenye shimo dogo na alijaze na kulifunga siku hiyo hiyo, na mwenye shimo kubwa asipitishe siku mbili. Jioni inapokatiza kazi, funika kwa karatasi ya plastiki na uikandamize kana kwamba hutarudi kesho.

Mahindi yakatwe lini?

Yakatwe punje zikiwa zimepita hatua ya kuchoma lakini hazijawa ngumu. Vunja hindi katikati na uzitazame punje kwa upande: utaona mstari unaotenganisha sehemu ya juu iliyoshupaa na sehemu ya chini iliyo na maziwa. Mstari huo ukifika nusu ya punje, au ukipita nusu kidogo, mahindi yako tayari. Wakati huo majani mengi bado ni ya kijani, machache ya chini yameanza kukauka, na mmea mzima una maji kama kilo 65 hadi 70 katika kila kilo 100.

Usiniulize ni siku ngapi tangu kupanda, kwa sababu jibu hubadilika kwa mbegu na kwa mwinuko. Mbegu za nyanda za juu kama H614 zilizopandwa Molo au Kuresoi hukawia sana kuliko mbegu za muda wa kati zilizopandwa Rongai ya chini, na mashamba mawili yaliyopandwa juma moja yanaweza kupishana kwa zaidi ya mwezi mmoja. Anza kuvunja hindi moja kila baada ya siku tatu punje zinapoanza kuwa laini kama ugali, na uchukue mahindi ya katikati ya shamba, si ya pembeni.

Makosa ya kukata mapema ni mengi kuliko ya kukata kwa kuchelewa, pengine kwa sababu mabua mabichi hupendeza macho. Mahindi ya maziwa hutoa sileji yenye maji mengi, wanga kidogo na uchungu wa kuchoma koo. Yaliyochelewa nayo hayashindiliki, kwa kuwa mabua yaliyokauka hurudi juu kama springi kila unapoyakanyaga.

Sina chombo cha kupima maji. Nitajuaje?

Tumia kiganja. Chukua konzi ya majani yaliyokatwakatwa, yabane kwa nguvu kwa muda wa kama nusu dakika, kisha ufungue mkono. Yakidondosha maji, bado ni mabichi mno. Donge likibaki limeshikamana na mkono ukiwa na unyevu mwingi, subiri kidogo. Donge likifunguka polepole na kiganja kikabaki na unyevu bila matone, anza kazi. Likisambaratika mara moja, umechelewa, na dawa iliyobaki ni kukata vipande vidogo zaidi na kushindilia kwa bidii maradufu.

Je, naweza kuuza mahindi ya kuchoma kisha nitengeneze sileji kwa mabua?

Unaweza, na wengi kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret hufanya hivyo, lakini ujue unachouza. Hindi lenyewe, punje pamoja na gunzi, hubeba karibu nusu ya uzito mkavu wa mmea na sehemu kubwa ya nguvu ambayo ng'ombe angeigeuza kuwa maziwa. Mabua yanayobaki huchacha vizuri kwa kuwa bado yana sukari, ila sileji yake hulingana na nepia (majani ya tembo) nzuri, haifiki ya mahindi kamili. Kwa mitamba na ng'ombe waliokaushwa, yaani walioachwa kukamuliwa wakingoja kuzaa, inatosha kabisa. Kwa ng'ombe aliyezaa mwezi uliopita haitoshi, na pengo lake utalijaza kwa chakula cha dukani ambacho huenda kikameza pesa zote ulizopata kwa mahindi ya kuchoma.

Kata mabua ndani ya siku chache baada ya kuvuna mahindi, yakiwa bado kijani. Mabua makavu yanayobaki baada ya kuvuna nafaka hayawezi kuwa sileji hata ukiyamwagia nini. Hayana sukari wala maji, na hayo hukatwakatwa na kulishwa vivyo hivyo.

Na nepia?

Nepia hukubali kuvundikwa, lakini ni mkaidi kuliko mahindi, kwa sababu ina maji mengi na sukari kidogo. Ikate ikiwa na urefu wa kama mita moja, kabla shina halijawa gumu, na uiache inyauke tangu asubuhi hadi jioni, au hadi kesho yake kukiwa na mawingu. Kisha ikatekate na uinyunyizie molasi, kilo 30 hadi 40 kwa kila tani ya majani, ukiichanganya na maji kiasi cha kuiwezesha kupita katika matundu ya kopo la kumwagilia. Maji yasizidi, maana umehangaika siku nzima kuyapunguza.

Wafugaji wa Bungoma, Busia na Kakamega hulazimika kuangalia jambo moja zaidi kabla ya kupanga sileji ya nepia, nalo ni ugonjwa wa kudumaza nepia, unaosababishwa na kijidudu aina ya faitoplazima na kuenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani. Shina lililoathiriwa huchipua majani membamba ya manjano yaliyosongamana, na mavuno hupungua kila unapokata hadi yanakoma. Ng'oa mashina hayo, usichukue mbegu kutoka kwa jirani ambaye shamba lake linaonyesha dalili hizo, na uulize aina zinazouhimili, kama ile iitwayo Ouma.

Kisumu mvua hutukatiza. Tutumie nini badala ya mahindi?

Mtama. Katika nchi tambarare za Nyando na Muhoroni, na kando ya ziwa hadi Homa Bay, mtama huvumilia ukame ambao ungeyakausha mahindi, na baada ya kukatwa huchipua tena. Ukate punje zikiwa laini kama unga uliokandwa. Usisubiri zaidi, kwa kuwa punje za mtama ni ndogo na ngumu, hupita tumboni zikiwa nzima na kuishia kwenye kinyesi, ambako kuku ndio watakaozifaidi. Mtama mchanga ulio chini ya urefu wa goti, au uliochipua baada ya ukame, una sumu inayoweza kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Usiulishe ukiwa mbichi. Uliokomaa na kuvundikwa hauna hatari hiyo kwa kiwango cha kutisha.

Majani ya viazi vitamu nayo ni hazina ambayo hutupwa ovyo. Yana utomwili mwingi kuliko mahindi, ila ni majimaji mno, kwa hivyo yaache yanyauke siku nzima na uyachanganye na mtama au nepia iliyokatwakatwa. Wenye shamba la mahindi linalofuata mtindo wa sukuma-vuta, uliotokana na utafiti wa kituo cha wadudu cha icipe huko Mbita, wana desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaofukuza wadudu, katikati ya mistari na nepia au nyasi ya brakiaria inayowavuta pembeni, na vyote hivyo huweza kuingia shimoni pamoja. Desmodiamu isizidi kama robo ya mchanganyiko, kwa kuwa jamii ya kunde haichachi kwa urahisi ikiwa peke yake.

Nina ng'ombe watatu. Nihitaji sileji kiasi gani, na shimo la ukubwa gani?

Tuchukue kiangazi cha siku 120, tangu Desemba hadi mwisho wa Machi, na kilo 20 kwa kila ng'ombe kwa siku. Hizo ni kilo 7,200. Hata sileji iliyotengenezwa vizuri hupotea kiasi, hivyo ongeza upotevu wa asilimia 15 na utahitaji kuingiza karibu kilo 8,500. Ekari moja ya mahindi yaliyotunzwa hutoa takriban tani 10 hadi 15 za mmea mzima mbichi, kwa hiyo robo tatu ya ekari itakutosha mavuno yakiwa mazuri, na ukiwa na shaka tenga ekari nzima.

Sileji ya mahindi iliyoshindiliwa ina uzito wa kama kilo 600 kwa kila mita moja ya ujazo. Kilo 8,500 zahitaji mita za ujazo 14 na kidogo, na hapo ndipo watu wengi huchimba shimo pana la mita mbili kwa mita moja na nusu kwenda chini, lenye urefu wa karibu mita tano. Ujazo unatosha. Kosa liko katika upana. Ukilifungua shimo hilo na kutoa kilo 60 kwa siku, utakuwa unakata kipande cha unene wa sentimita tatu tu, na uso wa sileji utabaki ukipigwa na hewa siku nyingi kabla hujaufikia. Utakuwa ukilisha sileji iliyoanza kupata joto kila siku ya kiangazi chote.

Chimba badala yake handaki jembamba, upana mita moja na kina mita moja, na uligawe mara mbili, kila moja mita saba. Kilo zile zile 60 sasa zitakuwa kipande cha sentimita 10 kwa siku, kiasi kinachovumilika katika baridi ya Njoro na Bahati. Kwa joto la Kisumu ningependelea sentimita 15 au zaidi, maana yake handaki jembamba zaidi, au mifuko.

Shimo, mifuko au pipa: kipi bora?

Shimo ni rahisi kwa kila kilo unayohifadhi, mradi ardhi yako inalikubali. Udongo wa majivu ya volkano wa sehemu nyingi za Nakuru hunyonya maji haraka lakini kuta zake humomonyoka, kwa hivyo zilaze kidogo kwa nje na uzitandike plastiki. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Kano hautaki mambo ya kuchimba. Hujaa maji na hupasuka wakati wa kiangazi. Huko jenga lundo juu ya ardhi palipoinuka, au tumia mifuko.

Mfuko wa bomba la plastiki la geji 1000 (kipimo cha unene), wenye upana wa mita moja na nusu ukiwa umelazwa na urefu wa mita mbili na nusu, hubeba kati ya kilo 400 na 500. Mwenye ng'ombe watatu atahitaji kama 19. Faida yake ni kwamba unafungua mmoja kwa wakati, na ukiharibika umepoteza mmoja. Ubaya wake ni panya. Pipa la lita 200 hubeba kama kilo 100, na linamfaa mwenye mbuzi wa maziwa au anayetaka kujifunza bila kuhatarisha shamba zima. Mimi humshauri kila anayeanza atengeneze pipa moja kabla ya kukodi mtu wa kuchimba.

Nashindiliaje bila trekta?

Kwa miguu ya watu na pipa lililojazwa maji. Kwanza katakata vipande vya sentimita moja hadi mbili, kwa kuwa hakuna miguu inayoweza kushindilia vipande virefu kama kidole. Kisha mwaga tabaka la sentimita 15 hadi 20, si zaidi, ulikanyage kuanzia kingo kwenda katikati, ulibingirishie pipa, ndipo umwage tabaka jingine. Kingo na pembe ndizo husahaulika, na ndizo huota ukungu. Ukibonyeza kidole na kikazama zaidi ya kifundo cha kwanza, rudia.

Watoto wa nyumba na wa jirani hupenda kazi hii, na ni vizuri waifanye, lakini wasikaribie mashine ya kukatakata majani. Mashine hiyo imekula mikono ya watu wazima wenye uzoefu. Anayeilisha asivae koti la mikono mirefu wala leso inayoning'inia.

Jaza hadi sileji ipite ukingo wa shimo na katikati paumuke kama mgongo wa kobe, ili mvua iteleze. Funika kwa plastiki, mwagia udongo wa kina cha shubiri moja, na uchimbe mfereji wa kugeuza maji kuzunguka shimo.

Ni lazima kutia molasi, chumvi au dawa ya bakteria?

Kwa mahindi yaliyokatwa wakati wake, hapana. Yana sukari ya kutosha, na pesa hizo zingefaa zaidi kununua plastiki nzito. Kwa nepia na majani ya kunde, molasi husaidia kweli. Dawa za bakteria, yaani zile zenye bakteria hai wa laktiki, huharakisha kuchacha, na aina nyingine huzuia sileji isipate joto baada ya kufunguliwa, lakini hazitengenezi kazi iliyoharibika. Chumvi haihifadhi sileji kwa viwango ambavyo watu huitia. Yurea huongeza naitrojeni, lakini vipimo vyake havina msamaha, na sipendekezi itiwe bila mtaalamu wa mifugo kuwepo.

Nchi zenye baridi zilikuwa na shida kubwa kuliko yetu, kwa kuwa majani yao yana maji mengi na jua lao ni haba. Mfini mmoja, Artturi Virtanen, alibuni njia ya kumwagia majani tindikali ili yawe machachu tangu saa ya kwanza bila kusubiri bakteria, na kwa kazi hiyo pamoja na utafiti wake mwingine wa kemia ya kilimo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945. Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kufika huko.

Nifungue lini, na nitajuaje kama imefaulu?

Usifungue kabla ya siku 21. Ukiweza kusubiri wiki sita, utapata zaidi, kwa sababu wanga wa punje huendelea kulainika polepole.

Sileji nzuri ya mahindi ina rangi ya kijani iliyoelekea manjano au kahawia hafifu, vipande vyake vinatambulika, na harufu yake ni ya uchachu safi, kama ya uji uliolala. Yenye harufu kali ya siki ilikuwa na maji mengi. Yenye harufu ya siagi iliyooza, inayong'ang'ania mikononi hata baada ya kunawa kwa sabuni, ilitekwa na bakteria wabaya kwa sababu ya maji au udongo, na ng'ombe wataikataa kwa haki.

Nimeona ukungu juu. Niondoe kidogo nilishe iliyobaki?

Ondoa yote iliyoguswa na ukungu pamoja na shubiri moja chini yake, uitupe mbali na mifugo, na uangalie kama iliyobaki ni baridi na ina harufu safi. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu ya aflatoksini, na ng'ombe akiila, sehemu yake hupita hadi kwenye maziwa, ambako kuchemsha hakuiondoi. Anayekunywa maziwa hayo mara nyingi ni mtoto wako mwenyewe. Kuwapa ng'ombe waliokaushwa sileji yenye ukungu "kwa kuwa hawakamuliwi" ni hesabu mbaya pia, maana wana mimba, na ukungu huweza kuitoa.

Nilishe kiasi gani, na kwa nini wengine husema maziwa hunuka?

Anza na kilo tano kwa siku, uongeze polepole kwa wiki moja hadi mbili mpaka kilo 20 au 25 kwa ng'ombe mkubwa. Kilo 20 za sileji zina kilo sita au saba tu za chakula kikavu, yaani kile kinachobaki maji yakiondolewa, ilhali ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji kama 12, kwa hivyo iliyobaki itoke kwenye nyasi kavu, majani ya kunde na chakula cha kukamulia. Sileji ya mahindi ina nguvu nyingi lakini utomwili wake ni asilimia 7 hadi 9 tu ya chakula kikavu. Anayelisha sileji peke yake huona ng'ombe wakinenepa huku ndoo haijai. Lusina, desmodiamu, majani ya kaliandra, au mashudu ya pamba na alizeti ndivyo hukamilisha hesabu.

Maziwa hunuka ng'ombe wakilishwa sileji kabla au wakati wa kukamuliwa. Lisha baada ya kukamua, na usiihifadhi sileji ndani ya banda la kukamulia.

Je, mbuzi, ndama na punda wanaweza kula?

Mbuzi na kondoo wanaweza, kilo moja na nusu hadi mbili kwa siku kwa mkubwa, lakini wawe wa kwanza kunyimwa ikiwa kuna shaka yoyote. Sileji ambayo haikuchacha vizuri hubeba bakteria wa listeria, na kondoo huathirika haraka. Mwenye ugonjwa huo huzunguka upande mmoja kana kwamba amefungwa kamba. Ndama wasubiri hadi miezi mitatu. Punda asipewe, kwa kuwa yeye na farasi hudhurika upesi na sumu ya botulini, ambayo huweza kutokea panapokuwa na mzoga wa panya au nyoka aliyekatwakatwa pamoja na majani.

Kuna maji meusi yanayotoka chini ya shimo. Ni kawaida?

Kidogo, ndiyo. Yakiwa mengi, majani yalikuwa mabichi mno na kinachotiririka ni chakula chenyewe. Yazuie yasifike kwenye mto au kisima, maana hunyonya hewa yote ya maji na kuua samaki. Mto Njoro huishia Ziwa Nakuru, na mito ya Kano huishia Ziwa Viktoria. Ukiona mvuke wa rangi ya kahawia nyekundu karibu na shimo katika wiki tatu za kwanza, ondoa watu na wanyama mara moja. Hiyo ni gesi ya sumu iliyo nzito kuliko hewa, nayo hutuama mabondeni na ndani ya mashimo.

Inalipa kweli?

Fanya hesabu kwa shamba lako. Chukua magunia ya kilo 90 ambayo ekari yako ingetoa, uyazidishe kwa bei ya wakati wa mavuno, si ya mwezi wa Mei, na uondoe gharama za kuvuna, kupukuchua na kukausha. Ongeza gharama ya kukata, mashine, vibarua na plastiki. Gawa jumla kwa kilo za chakula kikavu zilizomo katika sileji uliyopata. Hicho ndicho kilo yako inagharimu, na uilinganishe na kilo ya chakula kikavu kutoka kwenye mafungu ya nyasi yanayouzwa mwezi wa Februari. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023 hesabu hii haikuhitaji karatasi. Katika mwaka wa mvua njema inakaribiana, na mwenye shamba dogo sana anayetegemea mahindi hayo kwa ugali wa nyumbani asiyakate yote.

Panya na mchwa wametoboa plastiki. Nifanyeje?

Ziba tundu siku hiyo hiyo kwa utepe mpana wa plastiki na uweke udongo juu. Fyeka majani kuzunguka mita mbili kila upande, inua mifuko juu ya mbao, na uwache paka walale karibu. Sumu ya panya isiwekwe mahali inapoweza kuanguka ndani ya chakula.

Ikifunikwa vizuri hukaa muda gani?

Mwaka mmoja bila shida, na hata miwili, mradi plastiki haijatoboka.

Nimefungua shimo na bado kuna nafasi. Naweza kuongeza majani mabichi juu?

Hapana. Majani hayo mapya yataanza safari yao ya kuchacha upya na kupasha joto yaliyo chini, huku hewa uliyoiingiza ikiamsha ukungu katika yote mawili. Tumia uliyofungua hadi iishe, ukikata uso ulio wima bila kuchokonoa na kurudisha plastiki kila jioni, na majani mapya uyapeleke kwenye mfuko au pipa lake.